Benchi Moja la Sukari na Mawazo

Kama umeambiwa juzi kwamba una sukari, na umerudi nyumbani na sindano ndani ya mkoba na hujui uifiche wapi, nakuandikia wewe. Habari za ugali kiasi gani na chai bila sukari utapewa hospitalini mpaka uchoke. Utaambiwa uangalie nyayo zako kila jioni na usiende shambani pekupeku. Yafuate hayo yote, ni ya kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo mimi sikuambiwa na mtu yeyote, na nusura linizike.

Mimi ni mkulima wa majani chai karibu na Kimulot. Ukisimama juu ya shamba letu asubuhi unauona msitu wa Mau umejifunika ukungu, na baridi inakuingia mpaka kwenye meno. Nina watoto wanne. Wa kwanza ni Cherono, kwa hiyo naitwa Mama Cherono. Tena nina mdomo. Mume wangu husema nilizaliwa nikigombana na mkunga, na sijawahi kumkatalia. Ulipokuja ugonjwa, kitu cha kwanza kuniibia kilikuwa ule mdomo.

Ilianza na kiu, Januari moja ya miaka ya tisini, jua likiwaka na majani yakiwa haba. Nilikuwa nachuma safu moja, nakimbilia mtoni kunywa, narudi, nachuma nusu safu, naingia katikati ya miti ya chai kukojoa. Wanawake tuliochuma nao wakaanza kunicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa maana nilikuwa nakonda. Sketi yangu ya kanisani niliifunga na mshipi wa mume wangu. Miaka hiyo mtu akikonda watu walijua jibu moja tu, na jibu hilo walilisema wakiwa wamekupa mgongo. Kuna jirani aliyeacha kunywa maziwa kwenye kikombe changu. Nilimwona akikisukuma kando kwa kidole, na hadi leo nikimwona nakumbuka kile kidole.

Siku nilipoanguka nilikuwa kwenye kituo cha majani, kwenye foleni ya mizani, na kikapu kikiwa bado mgongoni. Nikapelekwa hospitali juu ya lori la majani, nimelala juu ya magunia. Nakumbuka harufu ya majani mabichi yaliyoanza kupata joto, na nakumbuka nikifikiri kwamba kama ni kufa, basi angalau kunanukia vizuri.

Hospitalini nilikutana na Sista Nyaboke, muuguzi wa kliniki ya sukari, mama mnene kutoka Kisii, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alichukua mkojo wangu, akauchanganya na dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo, akaushikilia juu ya moto wa spiriti. Ikibaki buluu uko salama. Ikigeuka kijani unaanza kuulizwa maswali. Yangu ilipita kijani, ikapita manjano, ikawa nyekundu kama tofali.

"Mama, wewe ni sukari tupu," akasema Sista. "Ningekutia kwa chai."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Nikawa mtu wa Jumanne. Kliniki ya sukari ilikuwa Jumanne, na benchi letu lilikuwa kwenye veranda ya mbele, likitazama mti mmoja mkubwa wa mkaratusi langoni. Ukitaka kujifunza subira, kaa kwenye benchi hilo hujala tangu jana, umeshika chupa ya mkojo iliyofungwa kwa gazeti ili watu wasione ni nini, na kila mtu anajua ni nini. Pale ndipo nilipokaa karibu na Mzee Arap Sigei.

Mzee alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha majani, mtu mrefu, mkavu, koti lake limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Siku ya kwanza aliniona nikitetemeka Sista alipokuwa akinifundisha kujidunga. Aliongea nami Kipsigis, polepole.

"Binti yangu, uliona wapi sisi tukiogopa chuma? Chagua kitu cha kutazama. Mimi natazama ule mti. Chuma kikiingia, usipepese macho. Ukipepesa mara moja, utapepesa maisha yako yote."

Wewe uliyezaliwa kwetu unajua maneno hayo yanatoka wapi. Mzee alikuwa amesimama mbele ya kisu cha tohara akiwa kijana, na watu wakamtazama usoni kuona kama kope zitacheza, na hazikucheza. Huko ndiko heshima yake ilikotoka. Na sisi wanawake pia tumelelewa hivyo hivyo, tunazaa tukiwa tumefunga midomo, halafu tunasifiwa kwa kimya chetu. Kwa hiyo nilimwelewa mara moja. Nikautazama mkaratusi, nikaingiza sindano kwenye paja, na kope zangu hazikucheza.

"Angalieni Mama Cherono!" Sista Nyaboke akawaambia wengine. "Hivyo ndivyo inatakikana!"

Nikapigiwa makofi. Mzee akanitazama kwa fahari kana kwamba amenizaa. Kuanzia siku hiyo sisi wawili tulikuwa mfano wa kliniki, na wagonjwa wapya waliletwa kututazama tukijidunga.

Sasa nikuambie hilo jambo ambalo sikuambiwa.

Mwaka uliofuata tulikata miti yetu ya chai. Hukatwa kila baada ya miaka michache, hadi karibu na magoti, ili ichipue upya, na kwa muda shamba zima hubaki vijiti vitupu. Nilikaa mlangoni nikitazama vile vijiti na kitu ndani yangu kikaisha. Sijui niseme vipi tena. Hakuna aliyekuwa amekufa. Mume wangu hakuwa amenipiga. Mahindi yalikuwa ghalani. Lakini nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na nikisikia watoto wakicheka nje naona kama wako upande wa pili wa ukuta. Siku moja nilikamua ng'ombe nusu, nikaondoka, nikamwacha akinisubiri na kiwele kikivuja. Cherono akamalizia bila kuniuliza. Yule mtoto alijifunza kutoniuliza mapema mno, na jambo hilo linaniuma hata leo.

Hata mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, nilishindwa nayo. Mimi ambaye kibuyu changu kilisifiwa na wageni, niliacha kukisugua na kukitia mkaa, maziwa yakaoza ndani. Mama mkwe alikifungua, akanusa, akakifunga, akatoka. Hakusema neno, lakini habari zilifika kwa dada zake wote.

Mume wangu, ambaye ni mtu mwema, alianza kwa kuniuliza nataka nini. Baadaye akaacha kuuliza. Mwishowe akaanza kusema.

"Mama Cherono, dawa unayo, chakula unacho, daktari anasema unajidunga vizuri. Sasa ni nini? Ni uvivu?"

Nilitazama ukuta na sikupepesa.

Halafu nikaanza kuacha sindano. Naomba unisikilize vizuri hapa. Sikuwa nasahau. Chupa ya dawa ilikaa ndani ya chungu chenye maji baridi, pale pale pembeni mwa jiko, nilikuwa naiona kila asubuhi. Nilikuwa naiona na kujiuliza, ya nini? Siku nyingine nilijidunga, siku nyingine nilikiacha chungu kimefunikwa. Kufa sikukutamani hasa. Nilikuwa tu nimechoka kujitunza, kama mtu aliyechoka kubeba mtoto wa mtu mwingine.

Jumanne mkojo ulirudi kuwa tofali.

"Unakula nini kwa nyumba?" Sista Nyaboke alinifokea mbele ya watu. "Unakula sukari kwa siri? Ndizi? Mandazi? Wewe si mtoto! Unataka tukukate mguu?"

Benchi zima likanitazama. Mfano wa kliniki alikuwa amekuwa mwizi wa mandazi. Kama angeniuliza mara moja tu, "Mama, unalala?" ningeanguka hapo hapo. Hakuuliza, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuuliza. Kazi yake ilikuwa sukari.

Baada ya miezi daktari aliandika kwenye kadi yangu niende kliniki ya Alhamisi. Akaniambia bila kuinua kichwa, na mimi nikaificha kadi ndani ya mkoba. Kila mtu alijua Alhamisi ni ya nani. Ilikuwa nyuma ya hospitali, kupita chumba cha kufulia, na benchi lake lilikuwa nje kabisa, limeelekea njia ya kwenda sokoni. Wanaouza kabeji walikuwa wakipita wanahesabu nani amekaa. Tuliliita benchi la nyuma, na kwetu ukitaka kumtukana mtu bila kutukana, ulimwambia, "Wewe nafasi yako iko benchi la nyuma."

Nyumbani mume wangu alisimama mlangoni. "Mke wangu si mwenda wazimu," akasema. Alidhani ananitetea.

Jumanne iliyofuata nilimnong'oneza Mzee Arap Sigei. Alifungua kifungo cha juu cha koti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Hata mimi wamenituma huko," akasema. "Tangu mwaka jana."

"Ukaenda?"

"Niende wapi? Mimi nilisimama mbele ya kisu. Leo nikakae pale wanawake wa kabeji wanione?" Akakifunga tena kifungo. "Hatuendi, binti yangu. Mimi na wewe. Hii nayo tutaitazama tu, itapita."

Nikamkubalia, kwa sababu kukubali kulikuwa kwepesi. Tukakaa tukiutazama mkaratusi wetu.

Mvua ndefu zilipoanza Mzee hakuja. Akakosa tena na tena. Tukasema barabara ya kwao imekatika, na kweli ilikuwa imekatika. Kisha Jumanne moja alikuja mke wake, Kogo Tabutany, bibi mdogo wa umbo, peke yake, miguu imejaa tope hadi magotini. Alikuwa amebeba mkebe wa majani chai. Aliwapita watu wote akaenda moja kwa moja kwa Sista, akafungua mkebe. Ndani mlikuwa na chupa za dawa, nyingine hazijafunguliwa kabisa.

"Amekufa," akasema kwa Kiswahili chake. "Nimerudisha tawa. Ilikuwa kwa ghala, chini ya mahindi. Kila asubuhi alienda huko na sindano, akasema ameenda kujitunga. Mimi niliamini."

Sista Nyaboke alikaa chini.

Matangani watu walisema sukari imemmaliza. Mhubiri alisema, wazee wakasema, nami nikasimama pembeni nimejaa hasira. Sukari haikumficha Mzee ghalani. Alikwenda huko kila asubuhi, mtu yule mrefu, akasimama kati ya magunia na sindano mkononi, na hakuwa na mtu mmoja duniani wa kumwambia kwamba amechoka. Hakupepesa hadi kaburini. Na mimi nilikuwa nyuma yake hatua chache tu, nikifuata njia ile ile. Hasira ile ndiyo kitu cha kwanza nilichohisi kwa mwaka mzima, na niliishika kwa mikono miwili.

Alhamisi nikaenda benchi la nyuma. Nilivaa leso nyekundu, ili wanaouza kabeji wasipate taabu ya kunitambua. Mmoja alipunguza mwendo. Nikamsalimia kwa jina, nikamuuliza bei. Alikimbia.

Muuguzi wa pale aliitwa Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, mpole, sweta lake limetoboka kiwiko. Aliniuliza yale maswali ambayo nilikuwa nikiyangoja. Je, nalala? Nakula kwa hamu? Kuna kitu kinachonifurahisha? Nimewahi kufikiri heri nisingekuwepo? Nilimjibu lile la mwisho kwa kichwa tu. Hakushtuka. Aliniambia kwamba wengi wenye sukari hupatwa na hali hii, kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na una dawa na una mazungumzo. Nilitaka kumbusu mkono. Kisha akaikunja kadi yangu.

"Lakini mama, kuna vidonge vingine vinaweza kusumbua sukari. Hiyo sukari siijui mimi, ni ya Jumanne. Uliza huko kwanza."

Jumanne nikauliza. "Vidonge vya mawazo?" Sista akasema, na safari hii alisema taratibu. "Hiyo si yetu, mama. Hiyo ni ya Alhamisi."

Nilirudi Alhamisi, nikarudi Jumanne. Safari zote hizo kwenye matope, nikiwa nimeacha majani shambani yakikomaa, nikipelekwa kutoka veranda hadi nyuma ya chumba cha kufulia na kurudishwa. Watu hao wawili walikuwa wema na walifanya kazi kwenye uwanja mmoja, na hawakuwahi kukaa kwenye chumba kimoja. Jumanne moja nilisimama katikati ya uwanja huo na mdomo wangu ukarudi. Nilianza kuongea peke yangu kwa sauti. Aliyepita angesema kweli mama huyu ni wa benchi la nyuma.

"Nimekuja na mwili mmoja!" nikasema. "Mmoja! Nikiukata, kipande kipi kije Jumanne?"

Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Wekesa. Jumanne hakuwa na kliniki, alikuwa akipanga mashuka.

"Njoo ukae na sisi," nikamwambia.

"Mama Cherono, ningependa sana. Nimewahi kuomba. Waliniambia hakuna nafasi, hakuna hata benchi la kuongeza watu wangu pale mbele."

"Hakuna benchi?"

"Ndivyo walisema."

Nilitoka nje nikalitazama benchi la nyuma. Lilikuwa la mbao nzito, refu, na lilikuwa tupu. Nikarudi veranda, nikawaambia watu wa sukari ninachotaka. Wengine walitazama chini. Kijana mmoja dereva wa trekta akasema yeye hawezi kushika benchi la wenda wazimu. Ndipo Kogo Tabutany, ambaye tangu amzike mumewe alikuwa akija Jumanne kukaa tu na sisi, na ambaye nilikuwa nimemsimulia yote tuliyosemezana na Mzee, akainuka, akajifunga shuka kiunoni.

"Mtu wangu alikufa kwa sababu hakutaka kukalia hiyo mbao," akasema. "Mimi nitaibeba na kichwa."

Hakuibeba kwa kichwa, kwa kuwa dereva wa trekta alikuwa tayari amekimbia kushika upande mmoja. Tukalizunguka, wanawake na wazee na mtu mmoja mwenye bandeji mguuni, tukalipitisha kwenye chumba cha kufulia, wafuaji wakatuachia njia na povu mikononi, tukalivusha uwanja mchana kweupe, tukalibwaga kwenye veranda likiwa limegusana na letu. Kelele zile zilimtoa ofisini metroni, mkuu wa wauguzi.

"Nani amehamisha mali ya serikali?"

"Tumeihamisha sisi watu wa serikali," nikasema. Unaona jinsi mdomo ulivyokuwa umerudi.

"Hili benchi ni la wagonjwa wa akili! Litarudi sasa hivi. Watu wa sukari wabaki hapa, wa akili warudi kwao."

Tulikuwa tumeshakaa. Tulijibana kwenye mabenchi yote mawili, bega kwa bega, Kogo Tabutany katikati na shuka lake la matanga.

"Sawa, metroni," nikamwambia. "Tuonyeshe. Mwenye akili mbovu mguse bega, atainuka."

Alitutazama mmoja mmoja. Alianza kwangu, akafika mwisho, akarudi. Kila mtu alikuwa ameshika chupa yake ya mkojo kwenye gazeti. Dereva wa trekta alimwangalia metroni usoni na machozi yalikuwa yakimshuka, na hakuyafuta. Sikuwa nimejua habari zake. Hakuna aliyekuwa amejua.

Metroni aligeuka kuelekea ofisini kwake. Kisha akasema, "Ni leo tu."

Jumanne iliyofuata ilikuwa leo tu. Na nyingine. Kufikia mavuno ya mahindi, Bwana Wekesa alikuwa na meza yake ndani, imebanwa kati ya kabati na dirisha, kando ya ile ya Sista Nyaboke. Sista alipokuwa anachemsha mkojo, yeye anauliza umelala vipi. Wakibishana kuhusu kidonge, walibishana mbele yako, na kabla hujatoka mlangoni wameshakubaliana. Wale waliokuwa wagonjwa wake wa Alhamisi nao wakaanza kuletwa Jumanne, na wawili kati yao walipimwa, wakakutwa na sukari ambayo hakuna aliyewahi kuitafuta. Na Sista mwenyewe alibadilika. Tofali likitokea, alizima moto kwanza, akavuta kiti.

"Mama, hii wiki imekuwa aje?"

Vidonge vilichukua muda. Usiku mmoja mzuri, kisha mbaya mara mbili, kisha mzuri. Kuna siku niliwachukia wote, Wekesa na sweta lake. Mume wangu alikuja Jumanne moja, akakaa kwenye benchi akiwa amekunja mikono, tayari kugombana na mtu. Bwana Wekesa alimuuliza yeye analala vipi. Hakuwa ametarajia. Alifungua mdomo kusema vizuri, na kilichotoka ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kwenda kukamua, huweka mkono karibu na pua yangu kuona kama napumua. Alikuwa akifanya hivyo tangu lile lori. Sikujua. Tulirudi nyumbani akiwa amenibebea mkoba, na kwetu mwanamume habebi mkoba wa mke njiani.

Miti yetu ilichipua. Huwa inachipua, lakini mwaka huo niliona. Nilisugua kibuyu, nikakitia mkaa wa mti wa senetwet, na mama mkwe akanywa vikombe viwili bila neno, nami nikakubali kwamba ndiyo sifa yenyewe.

Siku moja kabla ya Krismasi nilikuwa kwenye veranda na sindano mkononi. Kwa mazoea nikautazama mkaratusi. Nikamwona Mzee Arap Sigei na vifungo vyake vyote. Nilimpenda mzee yule. Alinipa kile alichokuwa nacho, na hakuwa amepewa kingine. Nikaondoa macho kwenye mti, nikalitazama paja langu, na machozi yakaanza. Nililia kwa sauti, mbele ya kila mtu, kamasi na yote, nikiwa nasukuma sindano. Dawa iliingia vilevile.

Sukari haijaniacha, na ile huzuni hupita kunisalimia, hasa miti inapokatwa. Naijua sasa, na kiti siipi.

Jumanne iliyopita aliletwa msichana, hajafika miaka ishirini, amekonda, mkoba ameukumbatia. Sista wa siku hizi alikuwa akimfundisha kujidunga. Niliyaona macho yake yakitafuta, yakitoka kwenye paja, yakivuka uwanja, mpaka yakashika ule mkaratusi. Akakaza uso. Wenye kumsindikiza wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika.

Niliinuka kwenye benchi, nikaenda nikasimama kati yake na mti.

"Pepesa, mama," nikamwambia. "Pepesa. Lia ukitaka. Sisi tuko hapa."